Yeftha alifukuzwa kisha akafuatwa aongoze. Alibadilisha nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi nimeolewa huku ninakoishi, kwetu ni mbali. Mwaka huu kina mama wa usharika wetu wamenipendekeza niwe mwenyekiti wa umoja wa wanawake. Mzee mmoja wa kanisa alisimama kwenye kikao akasoma Kumbukumbu la Torati 17:15, kwamba wasijiwekee juu yao mgeni asiye ndugu yao. Akasema mimi ni mtu wa kuja na Neno limekwisha kusema. Wenzangu wananitia moyo kwa habari za Yeftha: alifukuzwa kwao, shida ilipokuja wakamfuata wenyewe. Wanasema siku zote Mungu huwatumia waliokataliwa kuleta mabadiliko. Mimi sitafuti cheo. Kinachoniuma ni kwamba mjane mmoja wa kikundi chetu amenyang'anywa shamba na shemeji zake, wazee wamenyamaza, na hesabu za mfuko wetu hazijawahi kusomwa mbele ya wanachama. Je, Maandiko yanasema nini hasa juu ya viongozi waliotoka nje? Waliweza kweli kubadilisha jamii zao? Na mimi nikubali, au nikae pembeni?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kikao chenu kimechanganya mambo mawili: kama mtu wa kuja anaruhusiwa kuongoza, na kama kuongoza kwake kutabadilisha kitu. La kwanza ndilo lililopigiwa kelele. La pili ndilo linalokuuma wewe, kwa ajili ya yule mjane na ule mfuko, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Tuanze na aya ya mzee wenu. Ipo, hakuibuni. Lakini inazungumzia mfalme wa taifa zima, na mgeni anayekatazwa pale ni mtu wa taifa lingine. Haimhusu mwanamke aliyetoka wilaya nyingine akaolewa, akawa anaabudu pale pale wanapoabudu wao. Tena mzee alifunga kitabu mapema mno. Aya zinazofuata zinambana mfalme huyo huyo mzawa: asijizidishie farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu, ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote za maisha yake, moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Sheria ile ililenga kumwekea mipaka mwenye madaraka. Na aliyeivuka mipaka hiyo yote mitatu anaonekana katika 1 Wafalme 10 na 11. Ni Sulemani, mwana wa Daudi, mzawa asiye na doa la ugeni. Alileta farasi kutoka Misri, akawa na wake 700 na masuria 300, akajaza dhahabu nyumbani mwake. Uzawa haukumzuia.

Hata hivyo, wenzako nao wasikuambie kwamba Maandiko yako upande wa wageni moja kwa moja. Kumbukumbu la Torati 23 inamzuia Mmoabi asiingie katika kusanyiko la Bwana, na katika Ezra 10 wake wa kigeni wanafukuzwa pamoja na watoto wao. Upande wa pili, Walawi 19:34 inaagiza mgeni apendwe kama mzawa, Isaya 56 inawafungulia wageni mlango wa nyumba ya sala, na kitabu cha Ruthu kinamaliza kwa kutuonyesha kwamba mwanamke Mmoabi ndiye aliyemzaa Obedi, babu yake Daudi. Israeli ya kale ilibishana juu ya jambo hili kwa vizazi vingi, na ubishi wenyewe ukahifadhiwa ndani ya vitabu vitakatifu. Anayeshika aya moja na kusema Neno limekwisha kusema, awe mzee au awe rafiki yako, amewanyamazisha wasemaji wengine wa Biblia hiyo hiyo.

Sasa Yeftha. Habari zake ziko Waamuzi 11 na 12, lakini naomba uanzie mwisho wa sura ya 10. Yeftha alikuwa mwana wa mtu aliyeitwa Gileadi, kwa mwanamke kahaba. Ndugu zake wa kwa baba walipokua walimfukuza, na sababu waliitamka wazi: hutarithi katika nyumba ya baba yetu, kwa kuwa u mwana wa mwanamke mwingine. Kilichomtoa kwao hakikuwa tabia yake wala imani yake. Ilikuwa mali, ardhi ya baba. Akakimbilia nchi ya Tobu, na huko wakamkusanyikia watu wasio na kitu.

Hapa ndipo palipo na utaratibu ambao watu wengi hawauoni. Katika miji ya kale ya Israeli, wazee walioketi langoni ndio waliosimamia ardhi, urithi na hukumu. Aliyenyimwa urithi alisukumwa pembezoni, na pembezoni hakukuwa na kulima. Kulikuwa na kuvizia, kukimbia na kupigana. Daudi alipita njia hiyo hiyo: kwenye pango la Adulamu walimwendea watu wapatao 400, wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni. Baada ya miaka kadhaa watu wa namna hii walikuwa wanajua vita kuliko wakulima walioketi mjini. Ndipo adui anapokuja, na wazee wanagundua kwamba ujuzi wanaouhitaji uko kwa mtu waliyemfukuza. Wanautaka ujuzi huo, lakini hawataki kuugusa mpango uliomfukuza.

Tazama walivyofanya. Waamoni, taifa jirani, walipopiga kambi, wakuu wa nchi ya Gileadi waliambizana wao kwa wao kwamba atakayeanza kupigana atakuwa kichwa cha wote wakaao Gileadi. Hiyo ni 10:18. Lakini wazee walipofika Tobu na kusimama mbele ya Yeftha, hawakumtajia ukichwa huo. Walimwomba awe amiri wao tu, ili wapigane. Ahadi ilikuwa kubwa walipodhani atatokea mwenyeji, ikapungua ilipomwangukia mtu wa kuja. Yeftha akawauliza: si ninyi mlionichukia mkanifukuza katika nyumba ya baba yangu? Mbona mnanijia sasa mkiwa taabuni? Ndipo wakapandisha dau mpaka ukichwa, wakaapa, na maneno yote yakarudiwa mbele za Bwana huko Mizpa.

Wenzako huishia hapo, na panapendeza kweli. Mimi huwasomesha wanafunzi wangu mazungumzo yale tena, safari hii wakitafuta kisichosemwa. Hakuna neno hata moja juu ya urithi. Yeftha hakudai sehemu yake ya baba, wala hakudai kwamba mtoto mwingine wa mama mwingine asifukuzwe tena. Alidai kiti, akapewa kiti, na desturi iliyomtupa Tobu ikabaki kama ilivyokuwa.

Yaliyofuata yanaumiza. Mtu huyu aliyeweza kubishana na mfalme wa Amoni kwa hoja za historia ya miaka 300 akaweka nadhiri ya haraka, kwamba atakayetoka mlangoni kumlaki akirudi na ushindi atatolewa sadaka, na aliyetoka kumlaki mlangoni kwa matari na kucheza ni binti yake wa pekee. Katika simulizi nzima hatajwi mzee, kuhani wala ndugu aliyemwambia ngoja kwanza. Binti aliomba miezi miwili ya kuilia hali yake milimani na wenzake, akarudi. Jina lake hata hatupewi. Kisha Waefraimu, kabila lingine la Israeli, wakaja na matusi, wakawaita Wagileadi watoro, na Yeftha akashika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa aseme Shibolethi. Aliyesema Sibolethi, kama Waefraimu walivyotamka, aliuawa. Kitabu kinahesabu 42,000. Aliyefukuzwa kwa sababu ya mama yake sasa anaua watu kwa sababu ya matamshi yao. Alikuwa mwamuzi wa Israeli miaka 6, akafa.

Sikuandikii haya ili kukuvunja moyo. Nataka uione tofauti kati ya kiongozi aliyetoka nje na badiliko lenyewe. Kukataliwa kunaweza kumpa mtu macho ya kuona ambacho wenyeji wamekizoea. Hakumpi haki ndani ya moyo wake. Uchungu usiotunzwa huweza kumfanya aliyefungiwa mlango awe bawabu mkali kuliko waliomtangulia.

Ukitaka kusoma juu ya badiliko lililodumu, nenda Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, hawakuwa wageni wa kabila, lakini mbele ya sheria ya ardhi hawakuwa na pa kusimama: baba amekufa, hakuna mwana wa kiume, na shamba la baba lilikuwa liende kwingine. Walikwenda kwenye mlango wa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na kusanyiko lote. Hoja yao ilikuwa fupi, nayo waliijenga juu ya kitu ambacho wazee wenyewe walikithamini: mbona jina la baba yetu lifutwe katika jamaa yake kwa sababu hakuwa na mwana? Jibu lilikuja kama amri kwa Israeli wote, kwamba mtu akifa bila mwana urithi wake upewe binti. Sura ya 36 inaonyesha wakuu wa jamaa zao wakirudi na pingamizi, na sheria ikawekewa sharti kwamba binti hao waolewe ndani ya kabila la baba yao. Hawakupata kila kitu. Lakini katika Yoshua 17 wanasimama tena mbele ya kuhani Eleazari na kiongozi mpya, Yoshua, Musa amekwisha kufa, wanakumbusha amri ile, na ardhi wanapewa.

Yeftha alipata ahadi juu yake mwenyewe. Hawa walipata kanuni, na kanuni haikuzikwa pamoja na Musa.

Daudi naye, kabla hajawa mfalme, alifanya jambo dogo la aina hii ambalo nalipenda sana. Watu wake 200 walichoka wakabaki kwenye kijito cha Besori, 400 wakaendelea na vita. Waliporudi na nyara, baadhi ya wapiganaji wakakataa kugawana na waliobaki. Daudi akaamua kwamba aliyeshuka vitani na aliyekaa kulinda vyombo wapate sawasawa, na 1 Samweli 30:25 inasema ikawa amri na hukumu katika Israeli tangu siku ile. Daudi huyu alikuja kufanya mabaya makubwa akiwa kwenye kiti cha enzi, lakini kanuni ile ya kijito haikuhitaji yeye awe mwema ndipo isimame.

Kwa hali yako hasa, nadhani unayemhitaji zaidi ni Nehemia. Alikuwa Myahudi, si mgeni wa damu, lakini Yerusalemu alikuwa mtu wa kuja kabisa. Alitoka Shushani, alikokuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta, akafika mwaka 445 KK. Siku za kwanza hakuhutubia mtu. Alitoka usiku akakagua kuta kimya kimya. Sura ya 5 inaleta kilio kinachofanana na cha mjane wenu: watu wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, watoto wao wanauzwa, na wanaowadai ni ndugu zao wenyewe. Nehemia alikasirika, lakini alitafakari kwanza moyoni. Akawakemea wakubwa, kisha akaitisha kusanyiko kubwa, akakiri kwamba hata yeye na vijana wake walikuwa wanakopesha, akasema tuache riba hii. Walipokubali, hakuridhika na neno la mdomo. Aliwaita makuhani akawaapisha, na watu wote wakaitikia Amina. Mwenyewe, kwa miaka 12, hakula posho ya liwali.

Hata hapo hapakuwa mwisho. Alipoondoka kurudi kwa mfalme, mambo yalilegea: chumba cha hazina ya hekalu kilipewa Tobia, mpinzani wa Nehemia, na Walawi hawakulipwa wakarudi mashambani. Aliporudi akaweka watunza hazina wanne waliohesabiwa kuwa waaminifu, wakiwemo kuhani, mwandishi na Mlawi, kila upande ukimwona mwenzake. Kwa mfuko wenu soma Nehemia 13:13, maana tatizo la hesabu lilitatuliwa kwa kuongeza macho. Nisifiche lililobaki: katika sura hiyo hiyo Nehemia anawapiga watu na kuwang'oa nywele kwa sababu wameoa wake wa kigeni. Mkono ule ule.

Na jiandae kwa jambo moja ambalo viongozi wa kuja huwa hawaambiwi. Katika Kutoka 18, Yethro, kuhani wa Midiani, mgeni kabisa, anamtazama Musa akihukumu watu tangu asubuhi hata jioni. Kesi zimerundikana kwa mtu mmoja. Anamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi kumi. Musa anafanya hivyo, na Yethro anarudi nchini kwake. Mpango huo unasimuliwa tena katika Kumbukumbu la Torati 1, na jina la Yethro halimo. Wazo limekuwa la wenyeji. Ukifaulu, dada, huenda miaka ijayo watasema kusoma hesabu hadharani ni utaratibu wa usharika tangu zamani. Jiulize leo kama utaweza kulibeba hilo bila kinyongo, kwa sababu linaathiri uamuzi wako.

Njia unazo tatu. Unaweza kukataa na kusema ukiwa nje ya kiti, kama Amosi, mchungaji wa Tekoa katika Yuda aliyekwenda Betheli, kwenye hekalu la mfalme wa kaskazini, kukemea vipimo vya udanganyifu na kuuzwa kwa maskini kwa jozi ya viatu. Kuhani Amazia alimwambia arudi Yuda akale mkate wake huko. Maneno yake yalihifadhiwa na yanasomwa mpaka leo, lakini Betheli haikumsikiliza, na Samaria, mji mkuu wa ufalme huo wa kaskazini, ilianguka mwaka 722 KK. Njia hiyo ina heshima yake, ila mjane wenu hana miaka ya kungoja. Unaweza pia kukubali kiti kama kilivyo, kwa kutegemea kwamba wema wako utatosha. Hiyo ndiyo ninayoiogopa zaidi.

Ya tatu ndiyo ningekushauri. Usikatae kwa sababu ya aya ile, haikuhusu. Lakini kabla ya kura, omba mambo mawili yajadiliwe na wanachama wote na kuandikwa kwenye muhtasari: kwamba hesabu za mfuko zisomwe hadharani kila robo mwaka na mweka hazina asiwe peke yake, na kwamba mwanachama akifiwa na mume, umoja uteue watu wa kusimama naye kwa wazee. Yakipita, yatafanya kazi hata kama atachaguliwa mwingine. Yakikataliwa, utakuwa umejua kwamba wanaokutaka walitaka kiti kijazwe tu. Tafuta pia mama mmoja mwenyeji, anayeheshimika, wa kuyabeba pamoja nawe. Shauri la Ruthu lisingefika langoni bila Naomi, mama mkwe wake, kumwelekeza na Boazi, jamaa ya marehemu mumewe, kuketi na wazee kumi. Na kamwone yule mzee nyumbani kwake, kwa heshima, umuulize anaogopa nini. Huenda usharika uliwahi kuumizwa na kiongozi aliyekuja na kuondoka, na hofu hiyo ndiyo iliyotafuta aya.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kuhusu nani anastahili kugombea, katiba ya usharika wenu ndiyo yenye jibu. Nenda kwa mchungaji ukaisome mbele yake, na kama atakwepa, mkuu wa jimbo yupo. Ukianza kutishwa, usiyavumilie kimya kimya, mwambie mtu unayemwamini na utoe taarifa polisi. Na kama kila ukiitwa mtu wa kuja unarudi nyumbani ukishindwa kula au kulala, zungumza ana kwa ana na mchungaji au mshauri kabla hujabeba mzigo wa watu wengine.

La mjane ni la wiki hii. Somo la Biblia halirudishi shamba. Nenda naye kwa mwenyekiti wa kijiji na kwenye ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu, akiwa na cheti cha ndoa au mashahidi wa ndoa yake, cheti cha kifo, karatasi yoyote ya shamba, na majina ya majirani wanaoijua mipaka. Asisaini chochote atakacholetewa na shemeji zake kabla hakijasomwa na mtu wa sheria. Fanyeni hivyo kabla ya msimu wa kulima, maana wakishapanda, watadai na mazao, na kesi itakuwa ndefu mara mbili.